Daftari Lisilokaguliwa

Kila kituo cha polisi kina kitabu cha matukio. Humo huandikwa saa, jina la mshtakiwa na mali iliyokamatwa. Jeshini nako tuna taarifa za doria. Lakini hakuna mahali palipotengwa kwa ajili ya moyo wa yule aliyebeba maiti ya mwenziwe asubuhi, na jioni akatakiwa kula na watoto wake.

Ndugu zangu askari, nashauri kila mmoja wetu awe na daftari dogo la hali za moyo wake. Neno moja latosha: hasira, hofu, utulivu. Siku ukichoka, usiandike. Hakuna atakayekutia kizuizini.

Mimi nilianza baada ya operesheni moja ambayo sitaitaja. Nilirudi kota nikawa sisemi. Mwanangu alipoangusha kikombe nilimfokea kama kuruti, naye akajificha nyuma ya mlango. Usiku ule niliandika maneno matatu: "Mtoto ameniogopa mimi." Majuma kadhaa baadaye, nilipofunua kurasa za nyuma, niliona kuwa karibu siku zangu zote mbaya zilifuata zamu za usiku. Sikuwa nimelitambua jambo hilo. Tangu hapo, nikitoka zamu hulala kwanza, ndipo nizungumze na watu wa nyumbani.

Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walieleza habari za wanafunzi wa chuo kikuu walioandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo, juu ya mambo mazito yaliyowapata. Mara baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Hata hivyo, katika miezi iliyofuata, walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Basi asishtuke mtu akiona kalamu imemtonesha kidonda. Lakini asiyepata usingizi majuma mazima, na amwone daktari wa kikosi. Daftari si dawa ya kila kitu.

Wako maofisa wasemao kuwa huu ni udhaifu. Hao hawanisumbui sana. Wanaonitia wasiwasi ni wenye nia njema, watakao madaftari yakusanywe na kukaguliwa kila Ijumaa. Yakikaguliwa, yote yatasomeka namna moja: "Hali njema, afande."

Siri za kazi ni jambo jingine. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wa Uingereza walikatazwa kuweka shajara mstari wa mbele, isije ikaangukia mikononi mwa adui. Wengi waliandika vivyo hivyo. Sisi tusiandike mahali, idadi wala silaha. Huzuni haihitaji ramani.

Langu hukaa ndani ya sanduku la bati, chini ya kofia ya gwaride. Mke wangu anajua lilipo, wala hajalifungua.