Gitare ya besi kwa pesa ya likelemba: tuchague namna gani?



Juma hili tunaacha kidogo mambo ya daftari na ya usafi wa watoto, ili tujibu ulizo la mama mmoja wa kikundi chetu hapa Lubumbashi. Zamu yake ya likelemba imefika, amepokea dola 300. Binti yake wa miaka 17 anapiga besi katika kwaya ya vijana, lakini gitare aliyokuwa anaazima imeondoka na mwenyewe, aliyehamia mji mwingine. Mama alikuja kwetu jioni na kuuliza: «Madamu, nimununulie yake? Na mimi nisiyejua hata kuishika, nitaichagua namna gani?»

Katika kikundi maneno hayakukosa. Wengine walisema pesa ya likelemba ni ya mabati, ya unga na ya shule, haiwezi kwenda kwa gitare. Mwingine akaongeza kwamba besi ni kazi ya wanaume. Neno hilo la pili tuliliacha hapo hapo: nyuzi hazijui kama mkono unaozipiga ni wa mvulana ao wa msichana. Lakini neno la kwanza lilikuwa na uzito. Minervale ya mtoto ilikuwa haijalipwa, dola 80. Tukapatana na mama: hizo 80 ziende shuleni asubuhi yake, mbele ya kuingia duka lolote. Zikabaki 220. Hapo ndipo tulianza kuhesabu.

Kwa wale wasioijua: gitare ya besi ina nyuzi nne nene, yaani mi, la, re na sol, na sauti yake iko chini ya ile ya gitare ya kawaida kwa oktava moja. Wazee wetu wanamkumbuka Jean Bosco Mwenda, mtoto wa Katanga. Alikuwa na gitare moja tu, lakini kidole gumba chake kilishika nyuzi nene wakati kidole kingine kilikuwa kinaimba juu. Katika orkestra ya rumba, kazi ya kile kidole gumba imepewa mtu wake peke yake, ndiye mpiga besi. Watu wengi hawamusikilizi, lakini akikosea, miguu yote inajikwaa.

Tunawaambia tunayoyajua kwa sababu tuliisha kudanganyika. Mwaka jana sisi wenyewe, wamama wane, tulinunua gitare ya kwaya. Ilikuwa nyekundu, inang'aa kama sahani mpya. Tulilipa, tukaibeba kwa furaha, hatukuenda na mpigaji hata mmoja. Kisha mwezi mmoja shingo ilikuwa imepindana, na nyuzi zikawa zinalia kama bati kwenye upepo. Fundi alituambia haitengenezeki. Ile pesa ilikuwa ya watu, na tulipaswa kusimama mbele ya kikundi na kueleza. Tangu siku ile tumeshika masharti haya.

Sharti la kwanza: gawanya pesa ukiwa nyumbani. Gitare haitembei peke yake. Inataka kable, mkanda wa begani, mara nyingi nyuzi mpya, na kazi kidogo ya fundi. Ukimaliza pesa yote kwa gitare, utarudi na ubao mzuri wa kutundika ukutani. Sisi tuliandika kwenye karatasi: gitare isipite dola 160, zinazobaki ni za vitu vingine. Karatasi ile tuliibeba, kwa sababu mbele ya muuzaji kichwa kinasahau hesabu.

Sharti la pili: mpigaji aende yeye mwenyewe. Viatu havinunuliwi bila mguu. Urefu wa kawaida wa nyuzi za besi ni karibu sentimeta 86, lakini kuna zile fupi za karibu sentimeta 76, ambazo zinafaa mikono midogo. Upana wa shingo nao unatofautiana. Binti yetu alishika tatu, akakaa, akasimama, mpaka akasema hii hainiumizi kifundo. Hilo sisi tusingelijua kwa macho.

Sharti la tatu: usilipie usichokihitaji. Besi za nyuzi tano ziko, ule wa tano unateremka mpaka si. Ni nzuri, lakini mara nyingi zina bei kubwa zaidi, na mwenye kujifunza anatosheka na nne. Vilevile kuna besi zenye pile ya volti 9 ndani. Sauti yake inaweza kupangwa vizuri, lakini pile ikiisha sauti inaweza kukufa katikati ya wimbo. Na ukiacha kable ndani ya tundu, pile inaendelea kuliwa usiku kucha hata kama hakuna anayepiga. Kwa mtu wa pesa kidogo, ile isiyotumia pile ina shida moja pungufu.

Sharti la ine ndilo kubwa: chunguza shingo. Tazama kutoka kichwani kuelekea tumboni, namna seremala anavyotazama ubao. Ikiwa imejisokota kama kitambaa kinachokamuliwa, iache, hata kama bei ni tamu. Kisha finya uzi mmoja kwenye chuma cha kwanza, na mkono mwingine uufinye pale shingo inapokutana na mwili. Katikati ibaki nafasi nyembamba, kama ya karatasi ngumu. Kama kijiti cha kiberiti kinapita, shingo imepinda. Kupinda kidogo fundi anaweza kukunyoosha kwa ufunguo, maana ndani ya shingo kuna chuma cha kuikaza. Kujisokota ni ugonjwa mwingine.

Baada ya hapo, mpigaji apige kila uzi kwenye kila chuma, polepole, asiruke hata kimoja. Pale sauti inapokufa ao inapolia vibaya, chuma pengine kimelika ao kimeinuka. Alinganishe pia uzi mtupu na chuma cha kumi na mbili: inapaswa kuwa sauti ile ile, moja chini na moja juu. Mwishoni achomeke kable na kuzungusha vifungo vyote. Kelele ndogo za kukwaruza zinaweza kuwa vumbi tu, lakini sauti inayokatika kila kable inapoguswa ni jambo la kuuliza. Muuzaji akikataa kuwasha ampli, mumuage kwa heshima na muondoke.

Juu ya majina: Yamaha, Ibanez na Squier, ambayo ni jina la bei nafuu la Fender, ni majina yaliyozoeleka kwa gitare za bei ya katikati. Lakini jina kwenye kichwa cha gitare si ushuhuda, mtu anaweza kulibandika. Gitare iliyotumika, yenye mikwaruzo, lakini shingo yake imenyooka, inashinda mpya inayong'aa yenye shingo mbovu. Mikwaruzo hainyamazishi sauti, na inakusaidia kuteremsha bei.

Sharti la tano ni la ampli. Mama aliogopa kwamba itakula pesa yote. Tukamuuliza: mtoto atapigia wapi? Kanisani. Na kanisani kuna nini? Kuna sono, na kwaya iko tayari na kile kisanduku kidogo kinachoitwa DI, ambacho kinaunganisha besi na sono. Basi ampli itangojea zamu ingine. Nyumbani atajizoeza bila umeme, usiku kukiwa kimya anajisikia vya kutosha, na hata umeme ukikatika somo halikatiki. Lakini tulimukataza kuchomeka besi kwenye radio ya nyumbani: sauti nzito inaweza kupasua bafle ndogo, na baba hatapata tena habari za jioni.

Tulizunguka siku mbili za Posho. Siku ya kwanza tulirudi mikono mitupu, na mtoto alilia njiani. Mama alitaka kurudi kununua ile nyeusi nzuri ambayo shingo yake haikutupendeza. Tulishikilia. Juma lililofuata tukapata Yamaha iliyotumika, imekwaruzwa mgongoni, nyuzi zake zimezeeka, lakini shingo imenyooka. Muuzaji alitaka 190, tukakaa, tukaongea, tukamaliza kwa 150. Hesabu yetu ilikuwa hivi: gitare 150, nyuzi mpya 25, kable 10, mkanda 5, fundi 10. Jumla 200. Mfuko mama aliushona mwenyewe kwa blanketi nzee na kitenge. Dola 20 zikabaki, tukamwambia aziweke pembeni, kwa sababu kable haziishi milele.

Mtoto ana minervale iliyolipwa na gitare yake. Ameambiwa wazi kwamba daftari ikianguka, gitare italala chumbani kwa mama mpaka daftari isimame. Sharti hilo tulimuandikisha kwa mkono wake, sisi walimu tunapenda maandishi. Na yule mama aliyesema besi ni ya wanaume, siku ya Mungu iliyopita tulimuona kwenye benchi la tatu, mguu wake unafuata.

Wamama, mtoto akiomba kitu cha bei, musikatae haraka na musikubali haraka. Lipeni kwanza lile ambalo haliwezi kungoja, andikeni kiasi kwenye karatasi, mwendeni na yule atakayekitumia, na musione haya kurudi mikono mitupu. Siku ya kurudi mikono mitupu ndiyo iliyookoa pesa ya mwenzetu.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.