Mizani ya Tajiri na Umoja wa Wafanyakazi

Ndugu zetu wafanyakazi, wako watu wasemao kwamba mgeni hafai kuongoza chama cha wafanyakazi. Maneno hayo huwafurahisha waajiri, maana wafanyakazi wakigombana kwa ajili ya asili zao, hapana aulizaye habari ya mshahara. Sisi tunayakataa, na mfano wetu ni Philip Murray.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1886 katika Blantyre, Scotland, mji ule ule aliozaliwa David Livingstone. Wazazi wake walikuwa Waairishi. Alipokuwa na miaka 10 tu aliingia katika mgodi wa makaa ya mawe. Mwaka 1902 alihamia Marekani pamoja na baba yake, wakachimba makaa katika Pennsylvania.

Huko wachimbaji walilipwa kwa uzito wa makaa, na mizani ilikuwa mikononi mwa tajiri. Mwaka 1904 Murray aliona anapunjwa, akampiga karani wa mizani, akafukuzwa kazi. Wachimbaji 600 waligoma kwa ajili yake, wala hawakumkana kwa ugeni wake. Jamaa yake ilitolewa katika nyumba ya kampuni, na baada ya wiki nne njaa iliwarudisha watu kazini.

Ngumi ya mtu mmoja haisahihishi mizani. Murray aliyafahamu hayo, akajitoa kuujenga umoja. Mwaka 1920 alikuwa makamu wa rais wa chama cha wachimbaji, na mwaka 1936 alishika kazi ya kuwaandikisha wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Machi 1937 kampuni kubwa ya U.S. Steel ilikitambua chama chao bila mgomo, ikakubali saa 40 kwa wiki na mshahara usiopungua dola 5 kwa siku. Makampuni mengine yalikataa. Tarehe 30 Mei mwaka huo polisi wa Chicago waliwapiga risasi wagomaji, wakafa watu 10. Hata hivyo, kufika 1942 makampuni hayo nayo yalitia sahihi. Tangu 1940 hata kufa kwake mwaka 1952, Murray aliongoza shirikisho la CIO.

Basi yatupasa kumpima kiongozi kwa kazi yake, si kwa mahali alikozaliwa. Na kila penye mizani ya tajiri, wafanyakazi na waweke mpimaji wao. Umoja ni nguvu.