Mashauri ya Nyumbani: Uliza Kazi ya Ukuta Kabla ya Kuuvunja

Mtu akisha kupata fedha za mavuno au malipo ya kustaafu, jambo analolitamani mapema ni kuitengeneza nyumba yake. Tamaa hiyo ni njema, wala hapana wa kuilaumu. Lakini ziko nyumba nyingi ambazo zilikuwa kavu na zenye afya kabla ya kutengenezwa, na zilipokwisha kutengenezwa zikawa na unyevu, joto na nyufa. Fedha zimekwisha, nyumba yang'aa kwa nje, na ndani watoto wanakohoa. Haifai kumlaumu fundi peke yake. Nyumba ya zamani hufanya kazi nyingi zisizoonekana kwa macho, na mwenye kuitengeneza huziondoa bila kuweka kitu kingine cha kuzifanya.

Na uchukuliwe mfano wa karani aliyerudi kwao milimani baada ya kazi ya miaka mingi mjini. Amekuta nyumba ya wazazi wake ingali imesimama: kuta za fito na udongo, paa la nyasi, madirisha madogo, na meko ndani. Ana nia ya kuondoa nyasi na kuweka mabati, kupiga kuta plasta ya saruji, kuweka dari, na kupaka rangi. Mama yake amemwambia, "Mwanangu, utakapoliondoa paa hilo, angalia mvua itaangukia wapi." Naye amejibu kwa heshima, "Mama, usiwe na wasiwasi, mabati hayavuji." Ni kweli, mabati mazuri hayavuji. Lakini mama hakuuliza habari ya kuvuja.

Paa la nyasi huwa na upenu mrefu unaotoka mbali na ukuta, na nyasi zenyewe huchelewesha maji, hata yakadondoka pole pole. Mabati hayacheleweshi kitu. Hesabu yake ni rahisi: mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi paa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, likinyeshewa na mvua ya milimita 25, hupokea lita 2,000. Ikiwa paa lina migongo miwili, lita 1,000 zitaanguka kila upande kwa muda mfupi. Na kwa kuwa mabati yana bei, mwenye nyumba mara nyingi hukata upenu kuwa mfupi ili aokoe mabati mawili au matatu. Maji hayo yote huanguka karibu na msingi, yakaruka juu ya ukuta, na udongo ukalainika na kumong'onyoka. Hivyo aliyeokoa mabati matatu hupoteza ukuta mzima.

Dawa yake ni kuacha upenu wa kutosha, usiopungua sentimita 60, na kutia mifereji ya bati chini ya ukingo wa paa iyapeleke maji katika tangi. Hapo maji yaliyokuwa adui wa nyumba huwa mali ya nyumba, na mama hapandi tena mlima na debe kichwani. Kadhalika, ardhi inayoizunguka nyumba yapasa iinamie nje, wala haifai kurundika udongo au kujenga baraza lililo juu kuliko sakafu, kwa maana unyevu utapanda ndani.

Kosa la pili ni kuvika ukuta wa udongo koti la saruji. Udongo hunyonya unyevu kidogo na kuutoa tena jua liwakapo. Hutanuka na kunywea kila siku. Saruji ni ngumu, haifuati mwendo huo. Baada ya misimu michache plasta hupasuka nyufa nyembamba, maji huingia kwa nyufa hizo, na kwa kuwa saruji haiyaruhusu kutoka upesi, udongo ulio nyuma huoza kwa siri. Siku moja plasta huanguka vipande vikubwa, nao fito zilizo ndani zimekwisha kuliwa na mchwa. Kwa ukuta wa namna hiyo yafaa zaidi kukandika upya kwa udongo uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, kisha kupaka chokaa. Kazi hiyo itahitaji kurudiwa mara kwa mara, lakini kuirudia ni rahisi kuliko kujenga ukuta. Mtu atakaye kuta za saruji na ajenge za mawe au matofali juu ya msingi imara. Na plasta yake ainyweshe maji kwa muda wa siku 7, ili isikauke upesi ikapasuka.

Pwani nako kosa ni hilo hilo, ijapokuwa kuta ni za namna nyingine. Katika Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, nyumba za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Kuta hizo huvuta unyevu wenye chumvi, na chokaa huuacha utoke. Ukipakwa saruji juu yake, unyevu hukosa njia, chumvi hukusanyika ndani, na plasta huvimba na kubanduka. Tena wako watu wanaoona kwamba vyumba hivyo ni vyembamba mno, wakabomoa ukuta wa katikati ili wapate ukumbi. Lakini wembamba wa chumba umetokana na urefu wa boriti: mti wa mkoko hauwezi kuvuka nafasi kubwa, na ukuta ule wa katikati ndio ulioshika ncha zake. Anayeuondoa ameiondolea dari mguu. Hapana ukuta wa kubomolewa, pwani au bara, kabla ya fundi anayeelewa kazi yake kupanda juu na kutazama ni nini kilichoegemea pale.

Kosa la tatu lahusu moshi, nalo ndilo lenye hatari kuliko yote. Katika nyumba ya nyasi moshi wa meko ulipenya katika paa ukatoka, na masizi yake yakaikinga miti ya paa na wadudu. Si kwamba moshi ule haukuwadhuru watu, uliwadhuru sana. Lakini angalau ulikuwa na njia. Mabati yakiwekwa, na dari chini yake, njia hiyo huzibwa, na jiko likibaki pale pale moshi wote huwarudia waliomo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa maradhi yaliyoletwa na moshi wa majumbani, na kati yao watoto walio chini ya miaka 5 walizidi 237,000. Basi anayebadili paa hana budi kubadili na jiko: ama alijenge mbali kidogo na vyumba vya kulala, ama alitie dohani inayopanda kupita kilele cha paa, pamoja na madirisha mawili yanayoelekeana ili upepo upite. Na kwa kuwa masizi hayapo tena kuilinda miti, miti hiyo ipakwe dawa ya wadudu kabla haijapandishwa juu.

Joto nalo lina hesabu yake. Nyasi zilikinga jua la mchana na baridi ya usiku. Mabati huwaka mchana, na usiku hupoa upesi kiasi cha pumzi za waliolala kugeuka matone chini yake, hata mwenye nyumba akadhani paa lavuja. Dari yafaa sana, mradi hewa iachiwe matundu chini ya upenu ya kupita kati ya dari na bati. Dirisha kubwa linaloelekea magharibi huleta joto la alasiri chumbani. Katika nchi za joto ni heri madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini, na huko milimani dirisha la mashariki hupendeza kwa jua la asubuhi.

Mwisho ni utaratibu wa kutumia fedha. Watu wengi huanza na kile kitakachoonekana na wageni, yaani rangi, vioo na mlango wa mbele, kisha fedha huisha kabla ya mifereji. Yapasa kuanza na maji na msingi, kisha paa, kisha kuta, kisha jiko na madirisha, na rangi iwe ya mwisho. Sehemu moja katika kumi ya fedha iwekwe kando, kwa sababu nyumba ya zamani ikifunguliwa haikosi kuonyesha ubovu uliofichika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na anayeupaka ufa rangi hajauziba.

Yule karani bado hajaanza kazi. Kamba ya kupimia iko mkononi, fundi anangoja, na mawingu ya masika yanakusanyika. Akiwa na busara atamwendea tena mama yake, aketi naye chini ya upenu ule ule wa nyasi mvua inyeshapo, atazame matone yanaanguka mbali kiasi gani na ukuta. Kipimo hicho na akiandike kwanza, kabla ya bei ya mabati.