Goma–Kinshasa: safari ya masaa mawili sasa inapita nchi za wengine

Kwenye ramani hakuna kilichobadilika. Toka Goma mpaka Kinshasa ni karibu kilometa 1,560 angani, na ndege kubwa ilikuwa inazimaliza kwa masaa mawili na kitu. Kwa kuwa saa ya Kinshasa iko nyuma ya ile ya Goma kwa saa moja, abiria aliyeruka saa mbili asubuhi alikuwa anatua N'djili baada ya saa tatu, asubuhi ile ile.

Tangu M23 ilipokamata Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, njia hiyo imefungwa kwa abiria. Uwanja wa Kavumu, karibu na Bukavu, nao ulitekwa katikati ya mwezi wa pili. Barabara ya kutegemea toka Kivu hadi Kinshasa haipo. Inabaki kuzunguka.

Wengi wanavuka mpaka kwenye Grande Barrière na kupanda basi mpaka Kigali, zaidi ya kilometa 150 za milima, masaa matatu au manne. Toka Kigali hadi Kinshasa ni karibu kilometa 1,650, si mbali sana kupita toka Goma. Lakini Kongo ilisimamisha safari za RwandAir mwezi wa tano 2022, na mwezi wa pili 2025 ikafungia ndege za Rwanda anga lake. Basi anayeenda magharibi anapaswa kwanza kuruka mashariki: Kigali–Nairobi kilometa 760, kisha Nairobi–Kinshasa 2,400. Ni mara mbili ya umbali wa zamani. Akipitia Addis Ababa, ni zaidi ya 4,500. Ukiongeza basi, mpaka na kungojea ndege ya pili, siku nzima inaisha, pengine na usiku wake.

Kilometa lakini si ndizo zinazouma zaidi. Kwa ndege ya Goma, kadi ya mpiga kura ilitosha. Leo Mkongomani anayetoka mji mmoja wa nchi yake kwenda mwingine anahitaji pasipoti, kana kwamba anahama. Asiyekuwa nayo anabaki na njia ya barabara kupitia Uganda mpaka Kasindi, kisha Beni, akatafute ndege Mavivi. Mfanyabiashara mwenye mtaji anaweza kuvumilia. Mwanafunzi aliyeitwa kwenye ubalozi Kinshasa kwa ajili ya viza, au mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye basi, ni hesabu nyingine.

Tarehe 30 mwezi wa kumi 2025, mjini Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja wa Goma ungefunguliwa katika wiki zilizofuata. AFC/M23 ikapinga. Na hata kama ingekubali, tangazo lile lilihusu ndege za misaada. Abiria mwenye tiketi yake hakutajwa.