Kuteleza Usiku Si Wazimu

Mwalimu wetu wa Jiografia alipotueleza kwamba Ulaya, Japani na Marekani wako watu watelezao juu ya theluji usiku chini ya taa za umeme, wengine kwa skii, yaani mbao mbili nyembamba, wengine kwa ubao mmoja mpana, darasa zima liliangua kicheko. Wenzangu walisema hao ni watu waliokosa kazi ya kufanya mchana. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Jua la kwetu halina hila. Mwaka mzima lachwa karibu wakati ule ule. Lakini Levi, katika nchi ya Ufini, iko kaskazini sana, na mwezi wa Desemba kuna siku nyingi ambazo jua halichomozi kabisa. Mtoto wa huko akiambiwa angojee jua ndipo acheze, atangoja mpaka mwaka mpya. Hata kusini zaidi, wakati wa baridi giza huingia kabla watu hawajatoka kazini. Basi waendao mlimani usiku ni wale waliokuwa na kazi mchana kutwa. Nalijua jambo hili, maana mimi silali bwenini. Nikifika nyumbani, nikateka maji na kufunga mbuzi, giza limekwisha ingia, na mpira sijaugusa.

Hatari zipo. Usiku theluji iliyolainika mchana huganda ikawa barafu. Walakini siku ya mawingu, taa za kando hutupa vivuli, na matuta huonekana vizuri kuliko mchana! Huko Schladming, Austria, tangu 1997 mashindano ya Kombe la Dunia hufanywa usiku mbele ya maelfu ya watazamaji.

Ninaloogopa mimi ni jingine. Njia zikisha fungwa, huja mashine za kusawazisha theluji. Penye mteremko mkali mashine hushikiliwa kwa kamba ya chuma iliyofungwa juu mlimani, nayo gizani haionekani. Watu wamekufa kwa kuigonga. Kwa hiyo nasema taa ziwashwe, na zikizimwa kila mtu awe amekwisha teremka, asibaki hata bingwa.

Na hao wenzangu waliocheka, wote ni wa bwenini. Hucheza kila siku saa kumi.