KUTOKA VITANI SI KUTOROKA USIKU



Wengi husema: jeshi la kigeni lirudi kwao, maneno yamekwisha. Sisi pia tunasema lirudi. Mtu aliyelia juu ya uhuru wa inchi yake hawezi kutaka askari wa kigeni wakae miaka na miaka katika inchi ya wengine. Lakini kutoka kuna namna yake, na Afganistani imetuonyesha namna mbili.

Wamarekani waliingia kule Oktoba 2001. Nyuma ya karibu miaka 20 walichoka, na haki yao kuchoka. Tarehe 29 Februari 2020 walitia mkono kwa mapatano na Wataliban pale Doha. Serikali ya Kabul haikuwa mezani. Wenye kubaki ndio hawakuulizwa! Tena karatasi ile ilisema wafungwa wa Kitaliban hata 5.000 wafunguliwe, nao walikuwa katika magereza ya serikali ambayo haikutia mkono.

Lakini jambo linalotuhusu zaidi sisi watu wa kazi ni hili. Mapatano hayakuondoa askari tu, yaliondoa na mafundi. Jeshi la Afganistani lilifundishwa kupigana kwa msaada wa ndege, na ndege hizo zilitengenezwa na mafundi wa kompani za kigeni. Mwaka 2021 mafundi wakaenda zao, na ndege nyingi zikabaki chini. Askari wa vituo vya mbali, waliozoea kuletewa risasi na chakula kwa njia ya anga, wakangoja bure. Ninyi mnaoshuka shimoni mnajua: ukiondoa fundi wa pompi, maji hayangoji. Nani atamlaumu mchimbaji kwamba hakujua kuogelea?

Mwanzo wa Julai 2021 Wamarekani waliacha kambi kubwa ya Bagram usiku. Mkubwa mpya wa kambi, Mwafganistani, alisema alipata habari walipokwisha kwenda. Hata kapita wa zamu ya usiku hafanyi hivi. Tarehe 15 Agosti Wataliban waliingia Kabul, na rais Ashraf Ghani akakimbia. Ndege zikachukua watu zaidi ya 120.000, kazi kubwa, hatukatai. Lakini tarehe 26 Agosti bomu lililipuka penye mlango wa kiwanja, likaua askari 13 wa Marekani na Waafganistani zaidi ya 150. Wakalimani wengi waliofanya kazi na wageni wakaachwa, karatasi zao zingali katika ofisi. Hao walipaswa kutoka kwanza, wakati njia zilikuwa wazi.

Sasa tazameni Warusi. Hatuwasifu: waliingia Desemba 1979 kwa nguvu, wakaharibu vijiji, na Waafganistani wengi sana walikufa. Lakini kutoka walitoka kwa mpango. Mapatano yalifanywa Geneva Aprili 1988, vikosi vikaanza kuondoka Mei, na wa mwisho walivuka daraja tarehe 15 Februari 1989. Wenye hekima wa Ulaya walisema serikali ya Najibullah itaanguka kwa miezi michache. Ilikaa miaka mitatu, kwa sababu mazutu, ngano, risasi na franga zilizidi kufika. Msaada ulipokatika mwanzo wa 1992, Aprili ikaanguka.

Mtu atasema: huko ni kurefusha vita. Kweli, vita haikwisha. Lakini miaka mitatu ni nafasi ya kupatana na adui, na kosa ni la wale walioipoteza. Waafganistani wa 2021 hawakupata hata miezi mitatu.

Jambo hili si geni kwetu. Tarehe 30 Juni 1960 Force Publique ilikuwa na askari karibu 25.000, na ofisa mwafrika hata mmoja hakuna. Tarehe 5 Julai askari wakaasi. Siku tano tu! Wabelgiji walikuwa na miaka mingi ya kufundisha maofisa, hawakutaka. Halafu walisema Mkongomani hajui kutawala.

Basi sisi tunaodai jeshi la kigeni liondoke, tudai pia funguo, mafundi na hesabu. Juni 2024 askari wa MONUSCO walimaliza kutoka Kivu ya Kusini. Watu wa kule wana haki ya kuuliza, kituo kwa kituo: nani alipokea kazi, naye alipewa mshahara gani, redio gani, kamyo gani? Na siku vikosi vingine vitakapofunga mizigo, maulizo hayo yaulizwe mbele ya kamyo kuwashwa.