Nyumbani Mwetu: Chupa Iliyotoka Lubumbashi

Wiki hii nawaomba tukae pamoja juu ya barua ya mama mmoja wa Pweto, pale mto Luvua unapotoka katika ziwa Mweru. Ameomba jina lake lisitajwe, nami nitalificha. Ana miaka 58. Tangu ujana wake kazi yake imekuwa kununua chisense kwa wavuvi alfajiri, kuwaanika mchangani, kuwageuza, kuwalinda na kuku na kunguru, na kuwapima jioni kwa wachuuzi. Dada yake mkubwa, waliyenyonya naye ziwa moja, aliolewa Lubumbashi, akawa mshonaji, akikaa na cherehani yake ndani ya nyumba. Mwaka huu walikutana katika matanga ya mjomba wao, na wageni wakamwamkia huyu wa Pweto kama ndiye mkubwa. Watoto wa dada wakacheka. Naye akacheka pamoja nao, ndivyo asemavyo, lakini usiku ule hakupata usingizi.

Binti yake akaaye Lubumbashi alipopata habari hiyo akamletea kichupa cha kioo, si kikubwa kuliko kidole gumba, chenye maji mazito ndani yake. Karatasi yake yasema kuwa mna «peptidi» za kuirudishia ngozi ujana wake. Mama akafurahi sana. Wiki ya pili mjukuu wake, mtoto wa binti huyo huyo, akarudishwa kutoka shule ya sekondari kwa kukosa ada, ndipo mama akajua bei ya kile kichupa. Tangu siku hiyo hajakifungua tena. Na katikati ya mashaka hayo akaja mchuuzi mmoja na kopo lisilo na karatasi, akisema dawa ni ile ile kwa bei ndogo.

Mama auliza: Je, maneno ya kichupa ni ya kweli? Yafaa kukinunua tena? Na kopo lile je?

Mama mpendwa, kwanza napenda ujue sababu ya wageni kukosea. Chini ya ngozi ya juu, ile tuionayo, mna ngozi ya ndani iliyofumwa kwa nyuzi kama wavu. Nyuzi zilizo nyingi huitwa kolajeni. Hizo ndizo ziipazo ngozi nguvu yake. Nyingine huitwa elastini, nazo huirudisha ngozi mahali pake ukiisha kuivuta. Katika wavu huo wamo mafundi wadogo wasioonekana kwa macho, yaani chembe zilizo hai, ambazo kazi yao ni kufuma nyuzi mpya na kuziba palipochanika. Katika ujana mafundi hawa hufanya kazi kwa bidii. Baadaye huchoka polepole. Wataalamu hukadiria kuwa kolajeni hupungua karibu sehemu 1 katika 100 kila mwaka wa utu uzima. Kwa mwanamke, hedhi ikikoma, huja upungufu wa haraka zaidi: katika miaka 5 ya kwanza yaweza kutoweka hata sehemu 30 katika 100. Hayo yamewapata ninyi nyote wawili, wewe na dada yako.

Lakini wewe umeongezewa jua. Katika mwanga wa jua mna miali isiyoonekana, nayo ni ya namna mbili. Ile ya kwanza huunguza ngozi ya juu. Ya pili haiunguzi sana, lakini huzama ndani hadi kwenye wavu wenyewe na kuukata, leo uzi mmoja, kesho mwingine. Mwaka 2012 madaktari wawili wa Chicago walionyesha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha lori la mizigo kwa miaka 28. Dirisha lilikuwa upande wake wa kushoto. Shavu la kushoto lilikuwa na makunyanzi makubwa kama ya mzee sana, na la kulia lilikuwa la mtu mdogo kuliko yeye. Mtu mmoja, uso mmoja, damu moja! Kioo cha dirisha kiliizuia miali iunguzayo, kikaiacha ile ya pili ipite. Ninyi dada wawili mmekuwa kama mashavu mawili ya mzee yule.

Najua wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, kwa maana ngozi nyeusi haidhuriki na jua. Wana ukweli kidogo. Rangi yetu, melanini, ni mwavuli tuliozaliwa nao. Mwaka 1979 wapimaji wa Marekani waliona kuwa ngozi nyeusi ya juu yenyewe hukinga jua iunguzayo kwa kiasi cha 13, na ile nyeupe kwa kiasi cha 3 tu. Ndiyo sababu makunyanzi hutujia sisi kwa kuchelewa, na dalili ya kwanza kwetu mara nyingi huwa mabaka na rangi isiyo sawa. Lakini mwavuli huo haukufanywa kwa mtu ainamaye mchangani tangu asubuhi hadi jioni kwa miaka 30. Tena mchanga mkavu nao hurudisha juu karibu sehemu 15 katika 100 za miali ile, basi hata ukiinama uso wako wapigwa kutoka chini.

Sasa tuje kwenye kichupa. Protini zote za mwili, na kolajeni ni mojawapo, ni kama mkufu mrefu wa shanga, na kila ushanga ni kitu kiitwacho asidi-amino. Mkufu ukikatika, vipande vifupi vya shanga mbili, tatu, tano au zaidi huitwa peptidi. Mwaka 1973 mtaalamu wa Marekani, Loren Pickart, alikuta katika damu ya binadamu kipande cha shanga 3 kipendacho kushikamana na shaba, nacho hushiriki katika kuponya vidonda. Tena mwaka 1993 wataalamu wengine wa huko huko walikichukua kipande cha shanga 5 kitokacho katika kolajeni changa, wakakitia katika chombo chenye chembe zile nilizoziita mafundi. Mafundi wakaanza kufuma kolajeni kwa wingi zaidi. Ni kana kwamba fundi wa nyavu aokotapo kipande cha uzi uliokatika hutambua kuwa wavu umechanika, akashika sindano yake.

Habari hiyo ni nzuri, tena ni ya kweli. Ila mafundi wale walikuwa katika chombo cha kioo, na mafundi wako wamo chini ya ngozi ya juu, ambayo kazi yake ndiyo hasa kuzuia vitu visipite. Mwaka 2000 wataalamu wawili wa Uholanzi walionyesha kuwa kitu chenye uzito zaidi ya vipimo 500, kwa mizani ya wakemia, hupenya ngozi kwa shida sana. Kile kipande cha shanga 5 chafikia 564, na tena kinapenda maji, hali mlango wa ngozi ni wa mafuta. (Kolajeni nzima ina uzito wa karibu 300,000; basi auzaye mafuta ya kupaka yenye kolajeni akisema yataingia kuziba pengo la kolajeni yako, jua ya kuwa anauza maneno. Itakaa juu, itazuia maji yasikauke, basi.)

Ndipo kiwanda kimoja cha Ufaransa, Sederma, kikafanya werevu ambao wewe mama, mwenye kupika kwa mawese, utaufahamu upesi. Kikakivika kipande kile koti la mafuta. Na mafuta gani? Asidi ya palmitiki, iliyopewa jina lake kwa sababu ya michikichi; katika mawese ya jikoni mwako hiyo ndiyo iliyo nyingi kuliko nyingine. Kwa koti hilo kipande kikazidi uzito, lakini kikapatana na mlango wa mafuta. Ukilisoma jina refu «palmitoyl» kwenye karatasi ya kichupa chako, ndilo koti lenyewe.

Je, kilipovikwa koti kilifanya kazi? Mwaka 2005 lilitolewa jaribio la wanawake 93 wenye miaka 35 hadi 55. Kila mmoja alipaka upande mmoja wa uso mafuta yenye peptidi, na upande wa pili mafuta yale yale yasiyo na peptidi, wala hakuambiwa upi ni upi. Baada ya wiki 12 upande wenye peptidi ulionekana kuwa na mikunjo midogo iliyopungua kidogo. Nasema kidogo, maana ilihitaji vipimo na macho ya wajuzi kuuona mpungufu huo. Wanawake wale walikuwa Wazungu wote, na waliopima walikuwa watu wa kampuni iuzayo vipodozi. Sisemi kuwa walidanganya. Nasema tu kuwa mwanikaji chisense wa Mweru hakuwamo.

Na hapa pana jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka. Peptidi haiingii kichupani peke yake. Huja na wenzake. Yupo gliserini, avutaye maji na kuyashika katika ngozi. Ipo asidi ya hialuroni, iliyovumbuliwa New York mwaka 1934 katika jicho la ng'ombe, nayo hushika maji mengi ajabu. Wapo maseramidi, yaani mafuta yanayofanana na yale ya ngozi yenyewe, yazibayo nyufa zake. Ipo vitamini B3 ipunguzayo mabaka. Ngozi kavu ikishiba maji hutanuka, na mikunjo midogo hufichika siku ile ile. Basi mwanamke ajitazamaye katika kioo asubuhi ya pili akasema «peptidi ni ajabu», mara nyingi amsifuye ni gliserini. Na gliserini ni nini? Ni kile kinachobaki mafuta yakipikwa kuwa sabuni. Yauzwa kwa bei ndogo, hata katika maduka ya dawa ya mjini. Uipake kidogo juu ya ngozi yenye maji baada ya kuoga, kisha juu yake Vaseline nyembamba, ukaone.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu: maneno ya kichupa si uongo, ila yamekuzwa. Na la pili: usikinunue tena. Kilichokwisha nunuliwa kitumie bila majuto, kwa maana kitakausha ngozi ya nani kikikaa rafuni? Lakini ada ya mjukuu itangulie. Mwambie binti yako hivyo kwa upole. Alitenda kwa upendo, naye alikuwa amesikia jinsi ulivyochekwa. Umwambie pia, kama naye ajipaka dawa za namna hii, asome kama mna retinoli au kitu cha jina linalofanana. Hiyo ni ya jamaa ya vitamini A, nayo ina ushahidi mkubwa kuliko peptidi katika kupunguza makunyanzi, lakini mama mwenye mimba asiitumie.

Kazi yako usiiache. Chisense wahitaji jua, wewe huhitaji. Miali ile ina nguvu zaidi tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Waanike mapema, uwageuze, kisha uwalinde ukiwa chini ya kivuli, hata kama ni nguzo nne na majani juu yake. Vaa kofia pana ya ukindu wakati wa kugeuza, na kitambaa kishuke hadi shingoni. Kofia hiyo yashinda vichupa kumi, kwa maana hakuna mfumaji awezaye kuziba wavu unaokatwa kila siku. Tena ule mapera na machungwa yakiwa na msimu wake: bila vitamini C mafundi wa ngozi hawawezi kuifunga kolajeni ikawa imara. Wanamaji wa zamani walioikosa miezi mingi baharini walifunguka hata makovu yaliyokwisha kupona.

Limebaki kopo lile, na hapo sauti yangu nabadili. Makopo yasiyo na karatasi, yasemwayo kuwa yang'arisha na kurudisha ujana, mara nyingi yana mojawapo ya vitu vitatu. Hidrokinoni huifanya ngozi kuwa nyeupe kwanza, yaani huuvunja ule mwavuli wako wa kuzaliwa. Kisha, kwa mtu akaaye juani, ngozi ya mashavu huweza kugeuka ya buluu na nyeusi, yenye vipele, isiyorudi tena. Madaktari wa Afrika ya Kusini walieleza maradhi hayo mwaka 1975, na mwaka 1990 nchi ile ikaikataza katika vipodozi. Dawa kali za jamaa ya kotisoni, kama klobetasoli, huwazuia mafundi wasifume kabisa. Ngozi huwa nyembamba kama karatasi, na kidonda kidogo hakiponi. Ya tatu ni zebaki, iingiayo katika figo. Katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2023 mataifa ya mapatano ya Minamata yalikubaliana kwamba mwaka 2025 uwe mwisho wa kutengeneza vipodozi vyenye zebaki, kuviingiza nchini na kuviuza nje, lakini mchuuzi wa njiani hakuwamo mkutanoni.

Umeandika kuwa ulijipaka kopo hilo siku tatu. Uache leo. Siku tatu si nyingi, usiogope. Lakini ngozi ikiwasha, au uso na miguu vikivimba, nenda hospitali ukiwa na kopo mkononi ili mganga alione. Usimpe jirani, hata akikuomba. Wala usilitupe ziwani, mama, kwa maana zebaki ikiingia majini huingia katika samaki, na samaki wale ndio utakaowaanika. Lifunge vema, ulitie katika mfuko, umwachie muuguzi wa hospitali.

Ukiisha kupata kofia, niandikie tena.